Pumu iliyoanza nikiwa na miaka 39: je, unga wa ngano unahusika?

MwokaMikate (Tanga) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 39, na kwa miaka sita sasa ninafanya kazi katika kiwanda cha kuoka mikate hapa mjini Tanga, nilikozaliwa. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori. Tangu utoto wangu sikuwahi kuugua kifua, sijawahi kuvuta sigara, na kwetu hakuna mwenye pumu ninayemfahamu.

Mambo yalianza taratibu. Mwaka juzi nilianza kupiga chafya mfululizo kila nilipoingia zamu, pua ikitiririka na macho yakiwasha, nikadhani ni mafua tu. Baada ya miezi kadhaa kikaja kikohozi kikavu cha usiku, kinachoniamsha saa nane au saa tisa, na kifua kinapiga mluzi kiasi kwamba mke wangu anakisikia akiwa amelala. Zahanati ya kwanza iliniambia ni nimonia, nikapewa antibiotiki. Ya pili ikaniambia hivyo hivyo. Mara ya tatu nilipimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana, nikapewa vidonge vya salbutamoli na baadaye kopo la bluu la kuvuta. Sasa ninalivuta mara nne au tano kwa siku, na kopo moja halifiki mwezi.

Kinachonichanganya ni hiki. Mwezi wa saba nilikwenda Lushoto msibani, nikakaa siku kumi. Nilipanda na hofu, kwa maana kule mwezi wa saba ni baridi kali na kila mtu hapa mjini ananiambia kwamba baridi ndiyo adui wa pumu. Bibi yangu akawa ananichemshia majani ya mkaratusi kila jioni. Kufikia siku ya nne nililala usiku kucha bila kukohoa, na siku tatu za mwisho sikuligusa kopo kabisa. Niliporudi nilibeba mfuko mzima wa majani yale, nikaendelea kuyachemsha kama alivyonielekeza, lakini siku ya pili ya kazi kifua kikabana kama zamani.

Kazi yangu ni kwenye mashine ya kukandia. Ninafungua magunia ya kilo 50, ninamimina unga, kisha ninayakung'uta magunia matupu na kuyakunja moja baada ya jingine. Hapo ndipo unga unaponyanyuka mpaka taa ya juu inaonekana kama iko ndani ya ukungu. Nilipomwambia msimamizi wangu, alinijibu kwamba pumu ni ugonjwa wa watoto na wa kurithi, kwa hiyo kazi haihusiki.

Naomba kujua: pumu inaweza kweli kuanza katika umri huu? Inaweza kuwa imetokana na unga? Na je, nikianza dawa za kuvuta za kila siku sitaweza kuziacha tena, kama watu wanavyosema? Nina watoto watatu shuleni na siwezi kuacha kazi kwa kubahatisha.

Tabibu_Muheza amejibu:

Ndugu MwokaMikate, pole sana. Mimi ni tabibu na ninaona wagonjwa wa kifua kila wiki. Sijakupima, kwa hiyo nitaeleza jinsi ambavyo ningelifuata jambo hili kama ungekuwa umekaa mbele yangu.

Naomba nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Mtu anayevuta kopo la bluu mara nne au tano kila siku yuko hatarini, hata kama anatembea na kufanya kazi zake. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya kopo hilo, hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa kwa saa nne hadi sita, lakini haigusi uvimbe ulio ndani ya njia hizo, na uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anapata nafuu huku ugonjwa ukizidi, mpaka siku moja kopo linakosa nguvu. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA uliacha kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Unahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, yaani dawa inayopunguza uvimbe huo, kama beklometasoni au budesonidi, na hilo ulipeleke kwa daktari wiki hii, usisubiri majibu ya maswali mengine yote. Vidonge vya salbutamoli navyo vina faida ndogo, na hutetemesha mikono na kuuharakisha moyo bila sababu.

Siku ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi, au midomo ikigeuka rangi, au ukivuta kopo na nafuu ikatoweka kabla ya saa nne kupita, nenda hospitali hapo hapo, hata iwe usiku wa manane, na uendelee kuvuta njiani.

Sasa maswali yako. Pumu inaweza kuanza katika umri wowote, na ile inayoanza ukubwani hutokea hata kwa watu ambao ukoo wao hauna historia hiyo. Tunapomwona mtu mzima mwenye pumu mpya, swali la kwanza linapaswa kuwa anashinda wapi na anavuta hewa gani, kwa sababu inakadiriwa kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya sita wa pumu ya ukubwani amepata ugonjwa huo au umezidishwa kutokana na kazi. Unga wa ngano ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi duniani. Daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini aliandika mwaka 1700 kuhusu waokaji na wasaga nafaka wanaobanwa kifua kwa vumbi la unga, kwa hiyo msimamizi wako anabishana na jambo lililojulikana kwa zaidi ya miaka 300.

Kinachotokea ni kwamba mwili unajifunza kuzichukia protini zilizomo katika ngano, na pia vimeng'enya vinavyotiwa kwenye unga ili mkate uumuke vizuri, hasa alfa-amilesi inayotengenezwa kutokana na kuvu. Kujifunza huko huchukua miezi au hata miaka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ulifanya kazi miaka minne bila tatizo na hivyo unga hauwezi kuwa sababu, hajui ugonjwa huu unavyokuja. Na zile chafya za mwanzo, ambazo uliziona ni mafua, ndizo hutangulia mara nyingi: pua huanza, kifua hufuata.

Habari yako ya Lushoto imenivutia kuliko yote. Ulikwenda kwenye baridi, ambayo kwa wagonjwa wengi wa pumu hukifanya kifua kibane zaidi, na bado ukapona. Ukarudi na majani yale yale, na ukaugua. Kilichobaki Tanga siku zile kumi, na ambacho kilikungoja uliporudi, ni unga. Huo si uthibitisho, lakini ni dalili nzito, na sasa tunahitaji kuigeuza kuwa namba.

Tafuta kipima pumzi. Ni bomba dogo la plastiki lenye kishale, linalopatikana katika maduka makubwa ya dawa. Unasimama, unavuta pumzi mpaka mwisho, unafunga midomo vizuri kwenye bomba, kisha unapuliza kwa nguvu na kwa haraka kama mtu anayezima mshumaa wa mbali. Puliza mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo walau mara nne kwa siku, kuanzia unapoamka hadi unapolala, kwa wiki nne, na ndani ya wiki hizo ziwepo siku za kutosha ambazo hukwenda kazini; ukipata likizo ya wiki moja au mbili, bora zaidi. Pembeni ya kila namba andika saa, ulikuwa wapi, ulifanya kazi gani, na kama ulivuta dawa. Dawa ya steroidi utakayopewa itumie kwa kiwango kile kile siku za kazi na siku za mapumziko, la sivyo hatutajua kilichobadilisha namba ni dawa au ni unga.

Kwa sababu hiyo nakuomba usiache kazi kabla ya kuandika namba hizo, mradi uwe umeanza matibabu na hali isiwe mbaya. Ukiondoka kwanza, itakuwa vigumu sana kuonyesha baadaye ugonjwa ulitoka wapi.

Daktari atakayekuona anapaswa pia kuhakikisha kwamba hii ni pumu kweli. Akiwa na spirometa, yaani mashine ya kupimia hewa unayotoa, atakupima kabla na baada ya kuvuta salbutamoli. Hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi, hiyo ni ishara nzuri ya pumu. Atausikiliza moyo, kwa maana moyo uliochoka nao hukohoza usiku. Na kwa kuwa unaishi ukanda wa matende, ningeomba upimwe wingi wa eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, katika damu, kwa sababu minyoo ya matende huweza kuleta kikohozi cha usiku na mluzi unaofanana kabisa na pumu, na tiba yake ni tofauti.

Kuhusu hofu ya kutoweza kuacha dawa: steroidi ya kuvuta haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Kiwango chake ni kidogo sana kikilinganishwa na vidonge, na pumu ikitulia kwa miezi kadhaa daktari hukipunguza. Sukutua kinywa na uteme maji baada ya kuvuta, ili usipate utando mweupe mdomoni. Kama mkono na pumzi haviendi pamoja, tumia chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako chake kwa umbo la mdomo wa kopo, bandika vizuri pasivuje hewa, pulizia ndani na uvute taratibu kupitia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto waliobanwa na pumu, kwamba chupa ya namna hiyo inafanya kazi sawa na kile chombo cha dukani.

Mdau_Kilimanjaro amejibu:

Kwa maoni yangu tatizo ni unyevu wa pwani. Ndugu yangu mmoja alihama Dar es Salaam kuja Moshi na akapona kabisa bila dawa. Jaribu tangawizi na asali, na ukiweza uhame.

Tabibu_Muheza amejibu:

Ndugu Mdau, sipingi kwamba ndugu yako alipona, na unyevu unaoleta kuvu ukutani na wadudu wa vumbi kwenye magodoro huwasumbua kweli wagonjwa wengi wa pwani. Lakini mtu anapohama mji hubadilisha pia nyumba, jiko, godoro na kazi, na hatuwezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomponya. Mwenzetu alizaliwa Tanga na hewa hii ameivuta miaka 39. Kilichobadilika ni kazi. Tangawizi na anywe akipenda, mradi isichukue nafasi ya dawa ya kuvuta.

MamaWaKisauni (Mombasa) amejibu:

Mwanangu wa Tanga, pole sana. Yangu ilinianza nikiwa na miaka 51, na haikutokana na kazi, kwa hivyo naandika kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa ambao hawajawahi kukanda unga.

Mimi kwanza nilipoteza uwezo wa kunusa. Nilikuwa naunguza viazi jikoni na sijui, mpaka mjukuu aje aniambie. Daktari wa masikio na pua akaniona na nyama ndani ya pua. Kifua nacho kikaanza kubana, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Halafu jioni moja goti likaniuma, nikanunua diklofenaki dukani kama kila mtu anunuavyo, nikameza kidonge kimoja. Haikupita saa moja uso ukawa mwekundu, pua ikaziba, na pumzi ikawa haiingii wala haitoki. Nilichukuliwa kwa gari la jirani, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba jirani alikuwa nyumbani.

Hospitalini ndipo nilipoelezwa kwamba wapo watu wazima wenye pumu, nyama za pua na mzio wa aspirini vikienda pamoja, na kwamba asiyeweza aspirini hawezi pia diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zote hufanya kazi kwa njia moja mwilini. Sasa nikiumwa natumia parasetamoli kwa kiwango cha kawaida, na kila muuza dawa namwambia kabla hajafungua kabati. Mwanangu, kama pua yako imeziba daima au harufu huzisikii, umwambie daktari. Na wewe Tabibu, tafadhali waambie watu, kwa sababu mimi sikuambiwa.

Tabibu_Muheza amejibu:

Shikamoo mama, na ahsante kwa kulieleza hili kwa ukamilifu namna hii. Ni kweli tupu. Nitaongeza dawa mbili za kundi jingine ambazo watu wazima hupewa kwa shinikizo la damu au moyo, yaani propranololi na atenololi, ambazo zinaweza kuibana njia ya hewa ya mwenye pumu. Hata timololi, dawa ya matone kwa ajili ya presha ya macho, imeshawabana watu kifua ingawa inawekwa jichoni. Na wale wanaotumia kaptoprili, enalaprili au lisinoprili kwa shinikizo la damu wajue kwamba dawa hizo huleta kikohozi kikavu ambacho si pumu. Mtu asiziache mwenyewe, amwulize aliyemwandikia.

FundiRangi_Mwanza amejibu:

Nilikuwa ninapulizia rangi magari katika gereji moja kwa miaka tisa. Ile dawa inayochanganywa ili rangi ikauke na kung'aa ina kemikali ziitwazo isosayaneti, na mimi nilikuwa ninajifunga kitambaa puani nikiamini kwamba nimejikinga. Nilianza kubanwa jioni, baada ya kufika nyumbani, na ndiyo maana sikuihisi kazi. Nililaumu moshi wa mkaa wa jirani, tukagombana naye bure. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine hukungoja saa kadhaa baada ya zamu.

Niliendelea kwa miaka mitatu baada ya kuambiwa. Nilihamishiwa kwenye kunyosha bodi, lakini ndani ya banda lile lile, na harufu kidogo tu kutoka upande wa pili ilitosha kunibana. Leo sipulizii rangi tena na bado nina pumu. Daktari wangu alinieleza kwamba wanaoondolewa mapema kwenye kisababishi wana nafasi kubwa zaidi ya kupona, na kwamba kadiri mtu anavyoendelea kukivuta ndivyo ugonjwa unavyozoea mwili. Kwa hiyo andika namba zako, lakini ukishazipata usikae nazo.

Jambo la pili ni haki yako. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao mwajiri wako anapaswa kuuchangia, na mfuko huo unahusika pia na magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake. Mtaarifu mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala yenye tarehe. Mimi nilisema kwa mdomo tu, na siku nilipohitaji ushahidi, hakuna aliyekumbuka.

MwokaMikate ameandika, wiki sita baadaye:

Shikamoo mama wa Kisauni, na nyote nawashukuru kwa moyo wangu wote. Pua yangu imeangaliwa, nyama hakuna. Eosinofili hazikuwa nyingi kiasi cha kufikiriwa matende. Nilipewa budesonidi na formoteroli, dawa inayolegeza njia za hewa kwa muda mrefu, ndani ya kopo moja, asubuhi na jioni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mke wangu amelala bila kunisikiliza.

Namba niliziandika katika daftari la hesabu la mwanangu. Siku za kazi, asubuhi kabla ya zamu nilikuwa napata 380 au 390. Ikifika saa kumi jioni zinashuka mpaka 300, na Ijumaa moja tuliyopokea mzigo mkubwa zikafika 270. Nilichukua likizo ya siku kumi na mbili. Siku mbili za kwanza hazikubadilika sana, kisha zikaanza kupanda, na kuanzia siku ya sita namba zote za siku, za asubuhi na za jioni, zilikuwa kati ya 430 na 450. Dawa sikuibadilisha hata tone. Siku ya pili ya kurudi kazini, saa kumi jioni, nilipuliza 310.

Barua nimeandika na nakala ninayo. Mwajiri amenipa barakoa na kuahidi kunihamishia kwenye kufungasha mikate, chumba kinachofuata. Naomba ushauri kama hilo linatosha.

Tabibu_Muheza amejibu:

Namba zako zinazungumza wazi kuliko picha yoyote ya kifua. Mpelekee daktari daftari lenyewe, usilinakili upya wala kulisafisha, na umwombe aandike katika taarifa yake kwamba anashuku pumu itokanayo na unga.

Chumba cha kufungasha kinatosha tu kama unga haufiki huko. Mwili ulioshajifunza kuuchukia unga hubanwa na kiasi kidogo ambacho mwenzako hakioni, kwa hiyo simama mlangoni jua likiwa linaingia dirishani na utazame kama kuna vumbi linaloelea. Barakoa iwe ile ya kuchuja vumbi laini inayokaza usoni, lakini usiitegemee peke yake. Mwombe mwajiri, kwa ajili yako na kwa ajili ya wale wanaobaki kwenye mashine, mambo haya: magunia matupu yakunjwe taratibu bila kukung'utwa, unga umiminwe karibu na chombo badala ya kutupwa kutoka juu, mashine ianze kwa mwendo mdogo ikiwa imefunikwa, meza ipakwe mafuta pale inapowezekana badala ya kunyunyiziwa unga, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa kavu.

Endelea kupuliza kwa wiki mbili ukiwa katika chumba kipya. Namba za jioni zikibaki karibu na 430, kaa hapo, upimwe tena baada ya miezi mitatu. Zikishuka chini ya 390 siku mbili mfululizo, chumba hicho hakikufai, na hapo nitakuomba turudi kwenye barua yako na kwenye mfuko wa fidia. Waulize pia wenzako wa zamu, hasa waliokuja baada yako, ni nani kati yao anayepiga chafya akifungua gunia.